Kiduara Kilichokwenda Magindu

Seifu Kitwana hakuwa mtu wa simu. Mpaka anatimiza miaka sitini na moja alikuwa na kiswaswadu chake kilichofungwa kwa mpira, na kazi yake ilikuwa kupiga, kupokea na kumulika njia ya chooni. Pale Kibuta, alikozaliwa na kulima mihogo na mikorosho maisha yake yote, watu walimjua kwa mambo mawili. Shamba lake halikuwa na magugu, na kauli yake haikurudi nyuma. Akishasema, kasema.

Kauli hiyo ndiyo iliyomtoa Hamza nyumbani.

Hamza alikuwa mwanawe wa kwanza. Alipofika miaka ishirini na saba alimweleza baba yake kwamba amepata mchumba, binti wa Magindu aitwaye Wema, ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka bara na kufuga ng'ombe. Walikuwa Wakristo. Seifu hakutaka hata kumwona.

"Dini siyo yetu, watu siyo wetu," alisema. "Humjui bibi yake wala babu yake. Ukimchukua huyo, hapa kwangu usirudi."

Mama yake Hamza, Mwanamkuu, angeweza kuyapooza maneno hayo, lakini alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Hamza hakubishana. Alikunja nguo zake, akawasha pikipiki, akaenda Kibaha. Alipanga chumba, akaanza kubeba abiria kwenye kijiwe cha Kwa Mathias, na baada ya miezi michache akamwoa Wema bomani. Baba yake alipewa taarifa. Hakwenda.

Haukupita mwaka, Hamza akafa. Ilikuwa Jumanne, barabara ya Morogoro, mbele kidogo ya Mlandizi. Lori lilimgonga, simu ikapondeka, na pochi yake haikuonekana. Wenzake wa kijiweni walidhani yuko Magindu kwa mkewe. Mkewe, ambaye wiki ile alikuwa kwa wazazi wake, alidhani yuko kijiweni na simu imeisha chaji. Kibuta hawakudhani chochote, kwa sababu Kibuta hawakuwa wakimpigia. Siku nne alilala kwenye chumba cha maiti bila jina. Aliyempata ni mdogo wake, Firdausi, baada ya kumpigia mpaka akachoka na kuanza kuzunguka vituo vya polisi, kimoja baada ya kingine.

Walimzika Kibuta. Wema alikuja akiwa amejitanda kanga mbili, pamoja na baba yake, mzee Ponsiano. Baada ya mazishi Ponsiano alimsogelea Seifu, akanyoosha mkono kutoa pole. Seifu aliutazama ule mkono, kisha akageuka kuzungumza na mtu mwingine. Wageni wale wa Magindu waliondoka kabla ya chakula.

Zile siku nne hazikumtoka Seifu kichwani. Alishazika wazazi, alishazika mke, na kifo hakikuwa kigeni kwake. Ila kwamba mtoto wake alilala pale na kibao kisicho na jina, huku yeye anapalilia, anakula, anapiga soga msikitini, hilo halikumezeka. Usingizi ulipungua. Firdausi alipopata kazi ya kushona sare za shule kwenye duka moja Kwa Mathias, na kumwambia baba yake kwamba anahamia Kibaha, Seifu aliendelea kumenya muhogo mpaka binti akadhani hakusikia.

"Barabara ileile," alisema hatimaye.

Firdausi alimwelewa. Mwezi uliofuata alirudi Kibuta na simu janja iliyotumika, yenye ufa mdogo pembeni. Alikaa na baba yake barazani mchana mzima akimfundisha. Hapa unagusa. Hapa unasubiri. Hii ndiyo ramani. Alimwonyesha kiduara kidogo chenye picha yake, amevaa mtandio wa njano.

"Huyu ni mimi, baba. Nimekutumia lokesheni yangu, na nimeiacha iwe wazi siku zote. Nikienda kazini utaona. Nikirudi nyumbani utaona. Basi ukipata wasiwasi, unafungua hapa unajua Firdausi yuko salama."

"Siku zote?"

"Siku zote. Ila ni kwa ajili ya usalama tu, baba. Usije ukanigeuza mfungwa."

Walicheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika ndani ya nyumba ile tangu msiba.

Mwanzoni kile kiduara kilimtibu kweli. Mtandao wa Kibuta ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo kila alfajiri baada ya swala Seifu alitembea hadi kwenye kichuguu kilicho nyuma ya msikiti, mahali penye mawasiliano, akafungua ramani. Kiduara kilikuwa Picha ya Ndege, alikopanga Firdausi. Saa mbili asubuhi kilikuwa Kwa Mathias. Jioni kilirudi. Alikwenda shamba akiwa mwepesi.

Kisha mara mbili kwa siku ikawa mara tano, na mara tano ikawa kila alipopumzisha jembe. Alijifunza kusoma yale maandishi madogo yanayosema kiduara kilionekana dakika ngapi zilizopita, na dakika zikizidi ishirini mapigo ya moyo yanabadilika. Bando likiisha alikuwa mkali kama mtu aliyekosa tumbaku. Na maswali yakaanza.

"Mbona jana ulisimama Mailimoja nusu saa?"

"Nilikuwa sokoni, baba."

"Na Alhamisi? Ulichelewa kutoka."

"Tulikuwa na oda kubwa."

Mwanzoni Firdausi alijibu kwa utani. Baadaye alijibu kwa kifupi. Seifu aliuona ule ufupi, akauhesabu kuwa ni dalili ya kuficha jambo.

Jumapili moja alifungua simu na kiduara hakikuwepo Picha ya Ndege wala Kwa Mathias. Aliisogeza ramani kwa kidole, akakitafuta, akakikuta mbali huko ndani, magharibi, kwenye jina alilolitambua bila hata kuvaa miwani. Magindu.

Akampigia papo hapo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Uko wapi mwanangu?"

"Nipo nyumbani," Firdausi alisema. Nyuma yake ng'ombe alilia. "Nafua."

Seifu hakuigusia ramani. Alimuuliza hali, akamwambia mvua imekataa kunyesha, akakata simu. Jumapili iliyofuata kiduara kilikwenda Magindu tena, na ile ya tatu vilevile. Kila mara alipiga, na kila mara binti alikuwa nyumbani, anafua, anapiga pasi, anaumwa kichwa. Kwa Seifu hesabu ilikuwa rahisi. Kuna mwanamume. Magindu imemchukua wa kwanza, sasa inamvuta na wa pili, na safari hii baba hatakaa Kibuta kusubiri aletewe habari.

Jumapili ya nne aliondoka mara baada ya alfajiri. Alivaa kanzu na koti lake la safari, simu akaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alichukua pikipiki hadi Kisarawe mjini, pikipiki nyingine kwenye njia ya vumbi inayotokea Kiluvya, kisha gari la Mlandizi. Mlandizi alikaa kwenye kibanda cha chai akitazama ramani, chai ikapoa. Saa nne kasoro kiduara kikaanza kusogea kutoka Kibaha. Kilipita hapohapo Mlandizi, labda mita mia moja kutoka alipoketi, kikaingia njia ya Magindu. Alikipa muda kitulie. Ndipo akaita bodaboda.

"Magindu sehemu gani, mzee wangu?" dereva aliuliza.

Seifu alimwonyesha kioo cha simu. "Hapa alipo huyu."

Dereva aliitazama picha ya msichana mwenye mtandio wa njano, akamtazama mzee, akasita. "Ni nani yako?"

"Mwanangu."

Walimkuta barazani kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, karibu na zizi. Firdausi alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, pini mdomoni, anampima gauni mtoto wa kike wa miaka kama miwili na nusu. Aliposikia pikipiki aliinua kichwa. Seifu aliona uso wa binti yake ukibadilika, kutoka mshangao, kwenda woga, na kuishia kwenye kitu ambacho hakuwahi kukiona humo.

Akatoa pini mdomoni moja moja.

"Umenifuata."

"Umenidanganya Jumapili tatu," Seifu alisema. "Eti unafua! Yuko wapi huyo bwana?"

"Bwana gani?"

Mwanamke alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amekonda kuliko siku ya mazishi, lakini Seifu alimjua. Wema naye alisimama kidogo, kisha akapiga goti nusu, kama alivyolelewa.

"Shikamoo baba."

Seifu alisahau kuitika. Alikuwa akimtazama yule mtoto. Alikuwa na paji pana la uso na masikio yaliyosimama kidogo, masikio ambayo yeye Seifu alikuwa akiyaona kila siku kwenye kioo cha kunyolea ndevu.

"Huyu mtoto wa nani?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imekwisha kujua.

"Anaitwa Mwanamkuu," Wema alijibu. "Hamza alichagua jina kabla hajafa. Alisema akiwa wa kike apewe la mama yake."

Seifu alishika nguzo ya baraza. Si kwamba hakuwahi kusikia. Mwezi mmoja kabla ya ajali Hamza alimpigia simu, mara ya kwanza tangu aondoke, akamwambia, "Baba, Wema ni mjamzito." Naye alijibu. Baada ya mazishi hakuuliza chochote kuhusu ile mimba. Alijiambia labda iliharibika, labda haikuwa ya kweli, labda yule mwanamke ameshaolewa kwingine. Alijiambia hivyo mpaka akakaribia kuamini.

"Siku ile alipokupigia," Wema alisema, taratibu, kama mtu anayesimulia habari ya jirani, "simu aliiweka sauti kubwa. Alitaka nikusikie ukifurahi."

Seifu aliinamisha kichwa.

"Ulisema, 'Mimi sina mjukuu Magindu.' Nilikusikia, baba. Hamza aliniambia hasira zitakwisha, tusubiri. Ndiyo tukawa tunasubiri."

Mtoto alikuwa akivuta uzi uliokuwa ukining'inia kwenye pindo la gauni. Seifu hakujua afanye nini na mikono yake. Aliinama, akainyoosha, akasema, "Njoo, bibi. Njoo kwa babu."

Mtoto alimtazama yule mzee mwenye koti, akapiga kelele, akakimbilia nyuma ya miguu ya mama yake.

Kelele hizo zilimtoa Ponsiano zizini. Alikuja na ndoo ya maziwa, akaiweka chini, akaelewa bila kuelezwa. Hakufoka. Seifu angependa afoke.

"Mzee mwenzangu," alisema, "hapa pana watu na pana mlango. Ungetuma salamu, tungekupokea. Hivi ulivyokuja ni kama anayefuata ng'ombe aliyeibwa. Kwa leo naomba urudi."

Seifu alimgeukia binti yake. "Twende, Firdausi."

"Siendi."

"Firdausi!"

"Siendi, baba. Nimesema uongo, ni kweli, na nisamehe kwa hilo. Dada Wema aliniomba nisikwambie, naye alikuwa na haki ya kuniomba. Mtoto huyu ndiye pekee aliyeachwa na kaka yangu, na mimi kuja kumwona nilikuwa najificha kama mwizi." Machozi yalimtoka lakini sauti haikutetereka. "Ile lokesheni nilikupa ili ujue niko hai. Sikukupa ili unifuate."

Akachukua simu yake juu ya mkeka. Aligusa mara tatu tu. Kisha akaiweka chini, akamwita mtoto arudi mkekani amalizie pini za gauni.

Pikipiki ilipofika barabara kubwa Seifu alifungua ramani. Barabara zilikuwepo, mito ilikuwepo, majina yote yalikuwepo. Kiduara hakikuwepo.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Firdausi hakupiga, na Seifu hakujua aanzie wapi. Aliendelea kwenda kwenye kile kichuguu kwa mazoea tu, akaitazama Kwa Mathias isiyo na mtu. Siku moja redio ilitangaza ajali barabara ya Morogoro, basi dogo na lori, majina ya marehemu bado. Aliacha jembe shambani. Alipiga simu ya Firdausi mara kumi na saba. Haikupokelewa. Alikaa chini palepale kwenye mchanga, mtu mzima na mvi zake, akaona chumba kile cha maiti, kile kibao kisicho na jina, na safari hii alijua kwamba ni yeye mwenyewe aliyesababisha kile kiduara kizimwe.

Saa nane mchana ikaita.

"Nilikuwa kwenye cherehani, baba, simu iko kwenye mkoba. Kuna nini?"

Aliikandamiza simu sikioni. Alisikia binti yake akipumua upande wa pili, akisubiri, na mwishowe akielewa.

"Niko hai," Firdausi alisema, kwa upole zaidi. "Nipo kazini. Nenda kale, baba."

Siku ya pili yake alikwenda Kisarawe mjini kwa dada yake mkubwa, Bi Fadhila, ambaye alikuwa mtu pekee duniani aliyethubutu kumwita kwa jina la utotoni. Alimweleza yote, pamoja na yale maneno ya kwenye simu, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Bi Fadhila alisikiliza huku anapembua mchele. Alipomaliza, aliuweka ungo pembeni.

"Kwa hiyo mimi nina mjukuu mwenye jina la wifi yangu, ana miaka miwili na nusu, na sijawahi kumpakata."

"Ndiyo, dada."

"Ungekuwa mtoto ningekuchapa." Akapangusa vumbi la mchele mikononi. "Na yule baba aliyekuja kuzika, ukamwachia mkono wake hewani, nilikuona. Naona aibu mpaka leo. Tutakwenda. Lakini tutatuma salamu kwanza, na wakisema hapana, tutakaa hapahapa na hiyo hapana yao."

Salamu zilipita kwa Firdausi. Jibu lilichukua siku ishirini na mbili, nalo lilikuwa: njooni. Walikwenda siku ya kawaida, katikati ya wiki, Firdausi akiwa ameomba ruhusa kazini. Alikutana nao Mlandizi, akamwamkia baba yake, akampokea shangazi yake mzigo. Njia nzima alizungumza na shangazi.

Ponsiano aliwakaribisha kwenye viti. Uji uliletwa. Seifu alikuwa ameyapanga maneno tangu Kibuta, maneno marefu ya kiutu uzima, lakini alipoona ile mikono ya mwenzake juu ya magoti, maneno yalimpotea.

"Siku ya msiba ulinipa mkono," alisema. "Sikuupokea. Nimekuja kuuomba."

Ponsiano alimtazama Wema kwanza. Kisha akatoa mkono, wakashikana. Haukuwa mkono wa joto, ila ulikuwa mkono.

Na kwa Wema alisema, "Nilichokisema, nilikisema. Sina pa kukificha. Nisamehe, mwanangu, ukiweza, na siku utakayoweza."

"Nimesikia, baba," Wema alijibu. Hakusema amesamehe. Alisema mtoto hataondoka Magindu kwenda kulala Kibuta, si mwaka huu, na kwamba anayetaka kumwona aje, atume habari kabla, akae barazani. Bi Fadhila alikubali kabla kaka yake hajafungua mdomo.

Mtoto alikwenda kwa Bi Fadhila bila tabu, akacheza na bangili zake. Kwa Seifu hakufika. Alisimama hatua tatu mbali, kidole mdomoni, akamchunguza koti, kofia, viatu. Seifu alijizuia kunyoosha mikono. Alikaa tu, akajiacha atazamwe.

Waliporudi Mlandizi jua lilikuwa bado kali. Bi Fadhila aliwahi siti ya dirishani kwenye gari la Kiluvya. Firdausi alisimama na baba yake kando ya barabara, malori yakipita na kuwapulizia vumbi. Seifu alitoa simu mfukoni, akaishika, akairudisha.

"Hutanifungulia tena ile," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Sasa hivi hapana, baba. Naogopa bado." Akainama kidogo, akairekebisha kola ya koti lake iliyokunjika. "Nitapiga. Siku nikikaa kimya usifikirie maiti. Fikiria nashona."

"Nitajaribu."

Gari la Kibaha lilikuja, Firdausi akapanda. Seifu alilitazama likiingia kwenye msururu wa magari mpaka asiweze kulitenganisha na mengine. Kondakta wa gari la Kiluvya alimpigia kelele apande, naye akapanda, akakaa kando ya dada yake. Mkono ulimwendea mfukoni kwenye simu vilevile kama siku zote, na barabara ilikuwa ileile.